Programu niliyopakua ni salama? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu saini za kidijitali

Maswali haya yanajirudia kwenye meza za mafundi wa Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya, kwenye steshenari za Iringa mjini, na kwa wanafunzi wa vyuo vya MUST na Mkwawa wanaotafuta programu ya kumalizia utafiti. Tumeanza na yale mepesi. Majina ya menyu za Windows tumeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yanavyoonekana kwenye kompyuta nyingi za huku. Mwenye haraka asome la 2, la 5 na la 6, mengine atayarudia akikwama.

## Mambo ya msingi

1. Saini ya kidijitali ya programu ni kitu gani?

Ni data kidogo inayoambatana na faili. Mtengenezaji ana funguo mbili zinazokwenda pamoja: wa siri anabaki nao mwenyewe, wa wazi anaugawa kwa yeyote. Akimaliza programu yake, kompyuta hupiga hesabu juu ya faili zima na kutoa msururu mfupi wa herufi na tarakimu uitwao heshi. Heshi hiyo ndiyo inayotiwa saini kwa ufunguo wa siri.

Faili likifika kwako, kompyuta yako hurudia hesabu ileile, kisha hutumia ufunguo wa wazi kuangalia kama saini inaendana na heshi iliyopatikana. Mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, havitaendana. Kwa hiyo unapata habari mbili: aliyetia saini alikuwa na ufunguo fulani wa siri, na faili halijaguswa tangu hapo.

2. Kwa hiyo ikiwa na saini, ni salama?

Si lazima. Gunia la mchele lililoshonwa vizuri na kuandikwa Kyela linakuonyesha kwamba halikufunguliwa njiani. Kama ndani kuna mawe, mshono hautakwambia. Na kila anayenunua mchele Mbeya anajua kwamba jina la Kyela huandikwa hata kwenye mchele ambao haukupita Tukuyu.

Saini haikagui tabia ya programu. Haijui kama inaiba nywila au inafungua mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Inakupa jina tu, na uhakika kwamba kilichotoka kwa mwenye jina hilo ndicho kilichokufikia. Kazi inayobaki ni yako: je, jina hilo ndilo ulilolitarajia? Watu wengi wanaokuja na kompyuta zilizoambukizwa walikuwa wameangalia kama saini ipo, hawakusoma ni ya nani.

3. Kompyuta yangu inajuaje kwamba ufunguo huu ni wa Microsoft kweli, na si wa mtu aliyejipa jina hilo?

Kupitia vyeti. Kuna mamlaka za vyeti, kama DigiCert, Sectigo na GlobalSign, ambazo hupokea nyaraka za kampuni, huzikagua, kisha hutoa cheti kinachosema ufunguo huu ni wa kampuni hii. Windows huja na orodha ya mamlaka inazoziamini, na cheti kisichofuatana hadi kwenye mojawapo hakikubaliwi.

Mamlaka nazo hukosea. Januari 2001 VeriSign ilimpa tapeli vyeti viwili vya kutia saini vyenye jina la Microsoft, ikidhani inaongea na mfanyakazi wa kampuni hiyo. Wizi wa funguo nao ulikuwa mwingi kiasi kwamba tangu Juni 2023 kanuni za mamlaka hizo zinataka ufunguo wa siri ukae ndani ya kifaa maalumu, usiwe faili la kawaida kwenye diski ya mtu.

4. Ni kitu kimoja na saini ninayoweka kwenye mkataba wa PDF?

Hesabu za ndani zinafanana, matumizi ni tofauti. Saini ya mkataba inahusu kukubali wajibu, na Tanzania inaitambua kupitia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Ukurasa huu unahusu programu tu.

## Kukagua kwenye Windows

5. Naionaje saini?

Kabla hujafungua faili ulilopakua, libofye kulia, chagua "Properties", kisha utafute kichupo cha "Digital Signatures". Utaona jina la aliyetia saini. Usiishie hapo, maana jina huonekana hata kama faili limeharibiwa baada ya kutiwa saini. Libofye jina, kisha bofya "Details", usome mstari wa juu. Unatakiwa kuona "This digital signature is OK". Chochote kingine, nenda swali la 10.

Anayependa kuandika amri afungue PowerShell kwenye folda yenye faili na aandike `Get-AuthenticodeSignature .\jina-la-faili.exe`. Jibu likiwa `Valid`, saini inaendana. `NotSigned` ni kwamba hakuna saini. `HashMismatch` ndilo baya kuliko yote: saini ipo, lakini faili limebadilishwa.

Kama ulipakua ZIP, ifungue kwanza, kisha ukague faili la EXE au MSI lililomo. ZIP yenyewe haibebi saini ya aina hii.

6. Nitajuaje jina gani nilitarajie?

Kwa programu zinazotumika sana huku: Chrome hutiwa saini na Google LLC, Firefox na Mozilla Corporation, VLC na VideoLAN, LibreOffice na The Document Foundation. Draiva ya printa ya Epson inapaswa kuwa na jina la Seiko Epson. Ukitafuta "draiva ya Epson" ukaletewa faili lenye saini ya kampuni ambayo hujawahi kuisikia, hata kama saini hiyo ni halali kabisa, umepewa kitu kingine. Draiva za printa ndizo zinazonasa watu wengi wa steshenari, kwa sababu matokeo ya kwanza ya utafutaji mara nyingi ni matangazo ya tovuti zisizo za mtengenezaji.

Jina likibadilika si lazima uwe ulaghai. AnyDesk, ambayo mafundi wengi huitumia kumsaidia mteja aliyeko Makambako au Tunduma bila kupanda basi, zamani ilitiwa saini kwa jina la philandro Software GmbH. Februari 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mifumo yake imevamiwa, ikabadilisha cheti, na matoleo mapya yakaanza kuja na jina la AnyDesk Software GmbH. Kwa hiyo leo ni lile jina la zamani ndilo la kutilia shaka. Njia ya kujua mambo haya ni kusoma tovuti ya mtengenezaji. Ukipata muda, linganisha pia na saini ya toleo ulilonalo tayari na ambalo halijawahi kukusumbua.

7. Linatokea dirisha la bluu linasema "Windows protected your PC". Na wakati mwingine la njano. Tofauti ni nini?

La bluu ni SmartScreen. Linaangalia sifa: faili hili na mtia saini huyu wanajulikana kiasi gani. Programu nzuri ya kijana wa Iringa aliyoitoa juzi inaweza kuzuiwa kwa sababu tu haijapakuliwa na watu wengi. Lisome, usilidharau, lakini si hukumu ya mwisho.

La njano hutokea programu inapoomba ruhusa ya msimamizi huku Windows ikiwa haiwezi kuthibitisha mchapishaji, na huandikwa "Unknown". Likiwa na mchapishaji aliyethibitishwa, rangi hugeuka bluu na jina huonekana. Hapo ndipo pa kusoma jina kabla ya kubofya "Yes". Watu wengi wana mazoea ya kubofya "Yes" kidole kikiwa kimekwisha kufika kabla ya macho.

8. Hakuna kichupo cha "Digital Signatures" kabisa. Ni kirusi?

Huenda si kirusi. Vyeti vinagharimu pesa kila mwaka, na si watengenezaji wote wanaotoa programu bure wanaokubali gharama hiyo. Kisakinishi cha 7-Zip, programu ya kufungua mafaili ambayo iko karibu kila kompyuta, kimekuwa kikitolewa miaka mingi bila saini. Pia baadhi ya mafaili ya Windows yenyewe, mfano Notepad, hayana kichupo hicho kwa sababu saini zao zimehifadhiwa katika katalogi tofauti. PowerShell ya swali la 5 itazionyesha.

La kujiuliza ni kama mtengenezaji huyu kwa kawaida hutia saini. Chrome bila saini ni uongo. 7-Zip bila saini ni kawaida, lakini uipate kwenye tovuti yake na ukague heshi (swali la 11).

9. Cheti kinaonyesha kimeisha muda mwaka 2022. Nifute programu?

Hapana, kama saini ina muhuri wa wakati. Kwenye dirisha la "Details" angalia sehemu ya "Countersignatures": humo mna tarehe iliyothibitishwa na mtu wa tatu kwamba saini iliwekwa siku fulani. Ikiwa siku hiyo cheti kilikuwa hai, Windows itaendelea kuikubali saini hata baada ya cheti kuisha. Bila muhuri huo, saini hufa pamoja na cheti.

10. Imeandika "This digital signature is not valid". Niifungue tu?

Usiifungue. Futa faili, upakue upya kutoka tovuti ya mtengenezaji, ikiwezekana kwa mtandao mwingine. Upakuaji uliokatika unaweza kuleta hali hii (swali la 13), na saa mbovu au Windows ya zamani pia (swali la 20). Ukiondoa hayo na bado saini imevunjika, mtu ameingiza mkono ndani ya faili.

## Heshi na saini za GPG

11. Tovuti imeweka msururu mrefu ulioandikwa SHA-256. Nao ni saini?

Siyo. Ni heshi tupu, yaani ile hesabu ya swali la 1 kabla ya kutiwa saini. SHA-256 ina herufi na tarakimu 64. Inathibitisha kwamba faili ulilonalo ni lilelile lililopigiwa hesabu, lakini haisemi ni nani aliyepiga hesabu hiyo.

Hapo ndipo tatizo lilipo: mwizi aliyeiteka tovuti akabadilisha faili anaweza kubadilisha na heshi iliyo chini yake. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, mfumo wa uendeshaji wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, ilivamiwa, na waliopakua siku hiyo wakaelekezwa kwenye toleo lililopandikizwa mlango wa nyuma. Heshi ina nguvu ukiipata kwa njia tofauti na faili, au ikiwa orodha ya heshi nayo imetiwa saini, kama wanavyofanya Ubuntu, aina nyingine ya Linux.

Ukikuta tovuti bado inatoa MD5 peke yake, tambua kwamba tangu 2004 watafiti wameonyesha jinsi ya kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye MD5 moja. Bado inafaa kugundua upakuaji ulioharibika, haifai kumzuia mtu mwenye nia mbaya.

12. Naipimaje heshi bila kupakua programu nyingine?

Windows ina chombo chake. Fungua Command Prompt uandike `certutil -hashfile jina-la-faili.exe SHA256`. Kwenye Linux ni `sha256sum`, kwenye Mac ni `shasum -a 256`. Herufi kubwa au ndogo hazina tofauti. Usilinganishe herufi nne za mwanzo na nne za mwisho tu. Nakili msururu wa tovuti, ubonyeze Ctrl+F kwenye faili la maandishi lenye ule uliopata, na uache kompyuta itafute.

13. Heshi hazilingani. Nimevamiwa?

Mara nyingi umeme ulikatika au bando liliisha katikati. Angalia ukubwa wa faili kwanza: kama tovuti inasema MB 340 na wewe una 212, jibu umelipata. Sababu nyingine ya kawaida ni kulinganisha heshi ya toleo la biti 64 na faili la biti 32, au ya toleo la mwezi uliopita. Ukubwa ukilingana, toleo likilingana, na heshi bado zimetofautiana hata baada ya kupakua mara ya pili, acha.

14. Nimekagua kwa GPG, ikasema "Good signature", halafu ikatoa onyo kwamba ufunguo hauaminiki. Nishike lipi?

Yote mawili. GPG, programu ya bure ya kutia na kukagua saini inayotumika sana kwenye Linux, haina mamlaka za vyeti za kukuthibitishia jina. Inakwambia saini inaendana na ufunguo ulioupa, lakini haijui kama ufunguo huo ni wa mtu unayemdhania. Yeyote anaweza kutengeneza ufunguo na kuuandika jina la The Document Foundation.

Dawa ni kulinganisha alama ya ufunguo, ule msururu wa herufi na tarakimu 40, na ile iliyochapishwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha mahali pengine pasipotegemea tovuti hiyo. Ukishafanya hivyo mara moja, weka ufunguo huo. Matoleo yajayo yatakaguliwa nao. Kama ni "BAD signature", hapo hakuna mjadala.

15. Natumia Ubuntu au Mac. Na mimi nihangaike hivi?

Kwenye Ubuntu, unachosakinisha kwa `apt` kutoka hazina rasmi hukaguliwa chenyewe. Faili la .deb ulilolichukua pembeni kwa kawaida halibebi saini yake, kwa hiyo rudi kwenye heshi na GPG. Kwenye Mac, mfumo huzuia programu zisizo na saini au ambazo Apple haijazipitia. Amri ya `spctl -a -vv` ikifuatiwa na njia ya programu itakuonyesha jina.

## Simu za Android

16. APK nayo ina saini?

APK ni faili la kusakinishia programu ya Android. Lazima iwe na saini, la sivyo simu haiisakinishi. Lakini huku hakuna mamlaka ya vyeti: mtengenezaji hujitengenezea ufunguo mwenyewe. Saini ya APK haikwambii jina la kuaminika. Faida yake inakuja kwenye masasisho: simu hukataa toleo jipya lililotiwa saini kwa ufunguo tofauti na lile ulilonalo. Ukiona "App not installed" unapojaribu kusasisha kwa APK iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, usikimbilie kufuta ile ya zamani ili mpya ikubali. Ukifuta umeondoa kinga iliyokuwa inakulinda.

17. GB WhatsApp je? Mbona kila mtu anayo?

Anayo, na saini yake ni ya nani hakuna anayeweza kukwambia. Si ya WhatsApp. Matoleo haya yamevunjwa na kutiwa saini upya na watu wasiojulikana, na husambazwa kwa viungo vinavyobadilika kila siku. Mwaka 2021 Kaspersky waliikuta FMWhatsApp, ndugu yake, ikiwa imebeba Triada, kirusi kinachoweza kupakua vingine na kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. WhatsApp wenyewe hufungia akaunti za wanaotumia matoleo hayo. Kuona status iliyofutwa hakulingani na hasara hiyo, ingawa najua wengi watabisha.

18. Programu ya mikopo iko Play Store na ina saini. Kuna shida gani?

Shida inaweza kuwa mwenye programu mwenyewe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Hapa faili linaweza kuwa halijaguswa na mtu, na bado likasoma namba zote za simu yako na kuwapigia shangazi na mwajiri ukichelewa kulipa. Swali la leseni linajibiwa na Benki Kuu, si na saini.

## Flashi, kraki na kompyuta za mtumba

19. Fundi alinipa programu kwenye flashi ili nisitumie bando. Windows haikulalamika. Si ina maana iko sawa?

Hapana, na sababu yake inafaa kueleweka. Faili linalotoka intaneti huwekewa alama kwamba limetoka huko, na SmartScreen hutegemea alama hiyo. Alama hukaa kwenye mfumo wa diski uitwao NTFS. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo haziwezi kuibeba. Faili likipita kwenye flashi alama inapotea, na Windows inalichukulia kama la nyumbani. Ukimya wake si ushahidi.

Saini yenyewe haipotei kwenye flashi. Faili likiwa limetoka kwa fundi, kwa rafiki wa hosteli au kwenye kompyuta ya ofisi ya chama cha ushirika (AMCOS), likague kama la swali la 5. Fundi anaweza kuwa mwaminifu kabisa na flashi yake ikawa imezunguka kompyuta za mji mzima.

20. Kompyuta yangu ni ya zamani, saa yake inarudi nyuma kila ikizimwa, na programu nzuri zinaonekana hazina saini halali. Kwa nini?

Betri ndogo ya ubao mama, kwa kawaida CR2032, imekufa. Kompyuta ikiamini tuko mwaka 2009, cheti cha mwaka 2023 kinaonekana hakijaanza kutumika, na hata tovuti salama zitakataa kufunguka. Nunua betri, rekebisha tarehe, kisha urudie ukaguzi.

Windows 7 ina tatizo la ziada: bila masasisho ya SHA-2 yaliyotolewa 2015 na 2019 inashindwa kusoma sawasawa saini nyingi za sasa, hasa za draiva. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Na kompyuta isiyo na intaneti, hata iwe mpya, haiwezi kuuliza kama cheti kimefutwa na mamlaka yake. Inaweza kukujibu "OK" kwa cheti ambacho kilishabatilishwa baada ya kuibwa. Kwa kompyuta za ofisi zisizounganishwa, kagulia faili kwenye kompyuta yenye mtandao, andika heshi yake, kisha linganisha heshi baada ya kulihamisha.

21. Kraki ya Office au SPSS, saini inasemaje?

Inasema ukweli ambao watu hawataki kuusikia. Kuvunja kufuli ya programu ni kubadilisha faili, na faili likibadilishwa saini hufa: utapata `HashMismatch`, au mvunjaji ameiondoa kabisa. Kwa hiyo hakuna namna ya kutofautisha kraki "safi" na yenye kirusi kwa kutumia saini. Maelekezo yanayokuja nayo hukutaka uzime antivairasi kwanza, yaani uondoe mlinzi wa pili baada ya wa kwanza kuondoka.

Mwanafunzi wa takwimu ajaribu PSPP, jamovi au R. Wa ramani atumie QGIS. Kwa barua na hesabu za kawaida LibreOffice inatosha, na kabla ya hapo uliza kitengo cha TEHAMA cha chuo kama barua pepe yako inakupa Office kihalali. Wengi hawajawahi kuuliza.

## Saini halali, programu mbaya

22. Imewahi kutokea kirusi kikawa na saini halali kabisa?

Ndiyo, kwa njia tatu zinazotofautiana.

Ya kwanza ni ufunguo kuibwa. Stuxnet, iliyogunduliwa 2010 na iliyolenga mitambo ya nyuklia ya Iran, ilikuwa na draiva zilizotiwa saini kwa vyeti vya Realtek na JMicron, kampuni mbili za Taiwan ambazo hazikuhusika. Vyeti vilibatilishwa baadaye.

Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mwenye jina ndiye anayetia saini bila kujua anachotia. Agosti 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta iliyotengenezwa na Piriform, lilitoka kwenye tovuti yake halisi, na saini halisi ya kampuni hiyo, likiwa na kirusi ndani. Watumiaji wapatao milioni 2.27 walilisakinisha kabla halijagunduliwa Septemba. Mwaka 2020 ikawa zamu ya SolarWinds, kampuni ya programu za kusimamia mitandao, ambayo sasisho lake lililochafuliwa lilifika kwa wateja karibu 18,000. Wavamizi walikuwa wameingia mahali programu inapojengwa, kabla ya hatua ya saini.

Ya tatu ni mwenye haki ya kutoa programu kuwa ndiye mwovu. Mwaka 2024 ilitokea kwa xz, maktaba ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux nyingi. Aliyepandikiza mlango wa nyuma kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 alikuwa msimamizi aliyejijengea imani kwa miaka, na alikuwa na haki ya kutoa matoleo hayo. Mhandisi Andres Freund aligundua kwa sababu kuingia kwenye seva kulichelewa nusu sekunde kuliko kawaida.

23. Kama hata hizo zilipita, kuna kingine cha kuongeza?

Kwenye tovuti ya VirusTotal unaweza kubandika heshi ya SHA-256 kwenye kisanduku cha kutafuta bila kupakia faili lenyewe, kwa hiyo hutumii bando. Kama faili limewahi kuchunguzwa, utaona injini kadhaa za antivairasi zinasema nini. Injini moja ikilalamika kati ya nyingi, inaweza kuwa imekosea. Zikilalamika kumi, futa. Usipakie humo nyaraka za ofisi au za wateja, kwa sababu zinaweza kusomwa na wengine.

Pia, kama programu si ya dharura, subiri siku chache baada ya toleo jipya kutoka. Ushauri huu haugusi masasisho ya usalama ya Windows na kivinjari, hayo yaweke mara moja.

24. Nimesoma haya nikiwa nimeshasakinisha kitu chenye saini ya ajabu. Nifanyeje?

Katisha intaneti kwanza. Kwa kifaa kingine, badilisha nywila za barua pepe, kisha za benki, na PIN ya pesa za simu kama uliwahi kuiandika kwenye kompyuta hiyo. Nakili kazi zako tu, yaani maandishi, picha na hesabu, usinakili visakinishi. Kuondoa programu kwa njia ya kawaida mara nyingi hakutoshi. Kusakinisha Windows upya ndiko kunakoaminika, na fundi yeyote mzuri atakwambia hivyo hata kama kazi ndogo ingempa pesa ya haraka.

Usifute lile faili kabla hujaandika heshi yake. Ripoti kwa TZ-CERT, kitengo cha matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya TCRA, na kama umeibiwa pesa nenda polisi pia. Wapelekee heshi, jina lililo kwenye saini, na kiungo ulikolipakua faili, maana bila hivyo hawana pa kuanzia.